Leseni ya Mpika Pombe

Mhariri ameniomba somo kwa kurasa hizi za Kiswahili, nami nimechagua jambo ambalo halimo katika vitabu vyenu vya uraia, ila limo katika nyumba nyingi mnazotoka. Nalo ni hili: mtu mdogo apikaye pombe nyumbani kwake, serikali yamtaka awe na nini ili pombe yake iwe halali? Wako watakaocheka. Wasicheke upesi. Mimi nilisoma katika shule hii kwa ada iliyotoka katika mtambo wa waragi, na najua kwamba miongoni mwenu mnaosoma sasa wako wenye ada kama ile, ingawa katika karatasi za shule wazazi wao wameandikwa kuwa ni wakulima.

Kwetu ni Toro, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Fort Portal. Baba alifariki nilipokuwa darasa la tano, akatuachia migomba, mbuzi watatu na deni. Mama alikuwa na pipa moja na mrija wa shaba aliorithi kwa shangazi yake. Kwa pipa hilo tulisomeshwa watoto wanne.

Kabla ya kuingia katika sheria, sharti tujue tofauti ya vinywaji viwili, maana sheria nayo huvitenga, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni tonto. Ndizi za pombe huivishwa siku nne au tano katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Kisha humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti, na hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Maji hayo ni matamu, na mtoto aweza kuyanywa. Yakichujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa siku moja au mbili, yanachachuka na kuwa tonto. Wenzetu wa Teso hufanya yao kwa ulezi, wakaiita ajon, wakainywa kwa mirija mirefu wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja. Pombe za namna hii huharibika upesi, kwa hiyo mpishi hana budi kuziuza pale pale kijijini kabla hazijawa siki.

Cha pili ni enguli, ambayo wengi huiita waragi. Hii ni tonto iliyotiwa katika pipa na kuchemshwa. Mvuke wake hupita katika mrija, mrija hupita katika maji baridi, na mvuke hugeuka tone moja moja. Enguli haiozi. Yaweza kukaa mwaka, yaweza kubebwa kwa baiskeli, na jerikani moja ya enguli huleta fedha kuliko mtumbwi mzima wa tonto. Hapo ndipo mjane mwenye watoto wa shule huanza kufikiri habari za pipa.

Kwa tonto, sheria haikuwa na ukali mwingi kwetu. Mtu akitaka kuiuza mahali pa wazi alikwenda gombolola, akalipa ushuru wake, akapewa karatasi. Akiipika kwa arusi au kwa watu waliomsaidia kulima, hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Lakini enguli ilikuwa jambo la polisi.

Nilipokuwa kidato cha pili walikuja asubuhi, watu wanne. Walilitoboa pipa kwa shoka, wakauchukua mrija, wakamchukua na Mama, akalala kituoni usiku mmoja. Alitolewa kwa mbuzi wawili, na wala hapakuandikwa hati ya malipo. Mimi sikurudi shuleni kwa majuma saba. Niliporudi, mwalimu mkuu aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa na homa. Ulikuwa uongo, na leo naukiri mbele ya gazeti zima.

Wakati ule nilidhani sheria imetungwa kwa kutuonea. Baadaye nilisoma habari zake, nikaona ni ndefu kuliko nilivyofikiri.

Tarehe 10 Septemba 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yaliyotawala Afrika yalitia sahihi mkataba mahali paitwapo Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Mkataba huo uliyakataza makoloni mengi ya Afrika kutengeneza pombe yo yote ya kuvukizwa, na ukakataza hata kuingiza mitambo ya kuitengenezea. Kwa muda mrefu wa utawala wa Waingereza, Mwafrika wa Uganda hakuwa na ruhusa ya kunywa vileo vikali vya Kizungu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza kazi ya mrija, na marufuku haikuyafuta maarifa hayo. Jina lenyewe la waragi, wazee husema, lilitoka kwa askari, nalo ni Kiingereza kilichopinda, maana yake jini ya vita.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katikati ya miaka ile ya 1960 serikali mpya ilitunga Sheria ya Enguli, na naomba mwangalie vema namna ilivyofikiri, kwa kuwa haikuwa fikira mbaya. Ilisema hivi: kupika enguli si kosa tena, mradi mpishi awe na leseni. Naye mwenye leseni asiuze enguli yake kwa wanywaji, bali aiuze kiwandani. Kiwanda kitaipokea ile enguli ghafi, kitaisafisha kwa kuivukiza tena, kitaitia katika chupa na kuiuza kwa jina la Uganda Waragi. Basi mwanamke wa kijijini angepata fedha halali, kiwanda kingepata mali, serikali ingepata kodi, na mnywaji angepata kinywaji kilichopimwa.

Lakini waliochukua leseni walikuwa wachache. Sababu haihitaji mwalimu wa chuo kikuu kuieleza. Kiwanda kilikuwa mbali, na mnywaji alikuwa jirani. Mnywaji alilipa siku ile ile. Leseni ilitaka fedha kabla ya faida, tena ilimwandika mtu jina, na mtu wa kwetu aliyekwisha kuona shoka la polisi hapendi jina lake liandikwe. Kwa hiyo nchi ikawa na waragi mbili, ya chupa yenye lebo na ya jerikani isiyo na lebo.

Wanafunzi wa kemia wasogee karibu.

Mlevi hulewa kwa ethanoli. Ethanoli ina ndugu yake aitwaye methanoli, nao wamefanana mno. Vyote viwili havina rangi. Harufu zao zakaribiana. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, na methanoli kwenye nyuzi karibu 65. Ethanoli hulevya, na kwa miaka mingi huharibu ini. Methanoli, ikisha kuingia mwilini, hugeuzwa kuwa asidi fomiki, nayo hupofusha macho na kuua. Mililita 10 za methanoli safi zaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zaweza kumwua. Ubaya wake mwingine ni kwamba haina haraka. Mtu hunywa jioni, akalala, akaamka akisema kichwa kinamwuma kama desturi, kisha mchana wa kesho yake aanza kuona ukungu. Mkiona mtu wa namna hiyo msimwache alale mpaka pombe imtoke. Mpelekeni hospitali saa ile ile, maana dawa iko, nayo hufaa ikiwahi.

Sasa, methanoli huingiaje katika waragi? Ndizi zenyewe zikichachuka hutoa kidogo, kama matunda yote. Wapishi wenye maarifa humwaga kikombe cha kwanza kitokacho mrijani, nao wanafanya vema, kwa kuwa kikombe hicho kina uchafu mwingi. Lakini msiamini kwamba methanoli yote hutoka mwanzoni ikaisha. Nyingine huendelea kutoka pamoja na ethanoli mpaka mwisho. Hata hivyo, kiasi kitokacho katika ndizi kwa kawaida si kile kiuacho watu makumi kwa makumi. Misiba mikubwa hutokea mtu anapochukua methanoli ya viwandani, ile itumikayo katika rangi na vitu vya kusafishia, akaichanganya na waragi ili izidi wingi na ukali.

Mwezi wa Aprili 2010, huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walikufa katika majuma matatu kwa waragi iliyotiwa methanoli.

Habari hiyo ilipotangazwa redioni nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa akimenya viazi. Aliacha kisu, akakaa kimya, nami nilijua anafikiri nini, maana nilikuwapo. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuja kwetu mchuuzi mmoja na jerikani ya rangi ya manjano. Alisema ni spiriti safi iliyotoka mjini, na kwamba lita moja yake ikitiwa katika lita tatu za enguli hafifu, mpishi apata lita nne kali bila kuongeza kuni. Mama si mjinga. Alimimina kidogo katika kifuniko, akawasha kiberiti. Ukawaka moto wa samawati, mzuri, usio na moshi, na hiyo ndiyo dalili ya waragi njema kwa wapishi wote wa kwetu. Akanitazama. Nami niliyefaulu kemia katika shule hii nikatikisa kichwa kukubali.

Methanoli nayo huwaka kwa moto wa samawati. Kiberiti hakiwezi kuzitenganisha. Wala hakiwezi kile kipimo cha kioo kieleacho katika pombe, ambacho wafanya biashara wengine hukitumia, kwa kuwa uzito wa vitu hivi viwili ni karibu sawa, 0.79 kwa kila kimoja, maji yakiwa 1. Hayo yote yalikuwamo katika daftari langu. Kilichotuokoa siku ile ni kwamba Mama hakuwa na fedha mkononi, na mchuuzi hakukopesha. Siwezi kusema ile ilikuwa methanoli. Nasema tu kwamba tulikuwa tayari kuinunua bila kujua.

Usiku ule Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Nitafutie hiyo leseni."

Nikamwambia, "Mama, polisi hawajaja huku miaka mingi."

Akasema, "Si kwa ajili ya polisi. Nataka mtu anipimie."

Basi nikaenda. Na sasa nawaeleza yale niliyoambiwa, nikiongeza na yaliyokuja baadaye, ili ajaye asipoteze viatu kama nilivyopoteza mimi.

Gombolola nilimkuta karani mwenye adabu sana, aliyemjua Mama kwa jina lake la heshima. "Mama Abwoli hajambo?" Nikasema hajambo. Alinieleza kwamba leseni ya biashara, ile itokayo katika Sheria ya Leseni za Biashara ya 1969, aweza kunipa ya duka au ya kilabu cha tonto, hata siku ile. Lakini ya mtambo wa kuvukiza si kazi ya gombolola. Sheria ya Enguli ilikuwa bado imo katika vitabu, akasema, lakini katika miaka yake yote kazini hakupata kuona mtu aliyeleta ombi. Alitafuta fomu katika sanduku, asiione. Akanielekeza wilayani, na wilayani wakanielekeza Kampala.

Kampala mambo hugawanyika katika milango mitatu, na kila mlango wauliza karatasi ya mlango mwingine. Mlango wa kwanza ni wa kuandikisha jina la biashara. Huu ndio mwepesi. Hata mtu mmoja aweza kuandikisha jina bila kuwa kampuni.

Mlango wa pili ni Mamlaka ya Mapato, yaani URA. Kileo ni kitu chenye ushuru wa bidhaa, kwa hiyo anayekitengeneza sharti aandikishwe kama mtengenezaji, apewe namba ya kodi, aweke daftari la kila lita aliyotoa na kila lita aliyouza, na kupeleka hesabu yake kwa wakati uliowekwa. Tangu Novemba 2019 limeongezwa na jambo jingine: kila chupa ya kileo sharti ibandikwe stempu ya kodi yenye alama za kusomwa kwa mashine. Mama yangu ajua hesabu kuliko mimi, lakini huifanya kichwani, na daftari lake ni mistari ya makaa ukutani. Mistari ile haikosei, ila haiwezi kupelekwa Kampala.

Mlango wa tatu ni Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lililoanzishwa kwa sheria ya 1983. Huu ndio mlango aliokuwa akiutaka Mama, maana ndiko kwenye maabara. Humo wana mashine iwezayo kuitenga methanoli na ethanoli na kusema kila moja ni kiasi gani. Kileo kinachouzwa kwa watu sharti kiwe na alama ya shirika hilo, na alama haitolewi kwa kuipima chupa peke yake. Wakaguzi huja wakaangalia nyumba ya kupikia: sakafu iwe ya saruji, kuta ziwe za kuosheka, maji yawe safi, vyombo visiwe vya kutia kutu wala mapipa yaliyokuwa na mafuta au dawa, ghala liwe mbali na jiko, wafanya kazi wawe wamepimwa afya zao. Nilipoisoma orodha hiyo sikuona hata neno moja la upuuzi. Pipa letu lilikuwa limechukua mafuta ya dizeli kabla ya kuchukua tonto, na viungo vya mrija vilikuwa vimetiwa risasi na fundi wa baiskeli. Risasi nayo ni sumu. Tulikuwa tumeinywesha kijiji kwa miaka bila kujua.

Lakini ziko gharama, na hapa nawaomba mshike kalamu.

Tuseme tonto ina ethanoli asilimia 8. Lita 100 za tonto zina ethanoli lita 8. Waragi ya asilimia 40 yatakiwa kuwa na lita 8 za ethanoli katika kila lita 20. Kwa hiyo mtumbwi wa lita 100, asipopoteza hata tone, hutoa jerikani moja tu ya lita 20. Kwa kweli hupotea nyingi, maana mrija wetu ulivuja, lakini tuchukue hesabu ya mpishi bora. Tangu 2019 serikali ya Uganda imekataza vileo katika vifuko vya nailoni, vile vilivyouzwa kwa bei ya peremende hata watoto wa shule wakaweza kuvinunua, na imekataza chupa iliyo chini ya mililita 200. Mimi nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona wanafunzi waliokuwa na vifuko hivyo katika soksi. Basi gaweni lita 20 kwa mililita 200. Mwapata chupa 100. Chupa mia tupu, vifuniko mia, lebo mia, stempu mia, kwa kila mtumbwi mmoja. Ongezeni ushuru wa kileo. Ongezeni nauli ya kupeleka hesabu. Ongezeni nyumba ya saruji, ambayo Mama hakuwa nayo hata ya kulala. Kisha kumbukeni kwamba jirani ataendelea kuuza ya jerikani, bila lebo wala stempu, kwa bei ya zamani.

Mwenye kiwanda cha chupa elfu kumi kwa siku hugawa gharama ya mkaguzi kwa chupa elfu kumi. Mama aigawa kwa mia moja, na hizo si za siku, ni za juma. Lakini mlango uliowekwa ni mmoja, na wote wawili wataka kupita humo.

Wenzetu wa nchi jirani wamejaribu njia zao. Tanzania ilitunga mwaka 1966 sheria yake ya pombe ya moshi, karibu wakati mmoja na yetu. Kenya ilikuwa kali kupita sote: mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa kabisa. Marufuku hiyo ilikaa miaka thelathini, na katika muda huo watu wengi walikufa kwa chang'aa yenye methanoli. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, walikufa zaidi ya 100. Mwaka 2010 Kenya iligeuka. Ilitunga Sheria ya Kudhibiti Vileo, ikaifuta ile ya 1980, ikasema chang'aa yaweza kupikwa kwa halali kama mpishi ana leseni na kama kinywaji chake kimetiwa katika chupa za glasi zenye maandishi. Tena kilabu kisiwe chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Nilipoisoma nilifurahi. Kisha nikaiona chupa ya glasi, nikakumbuka hesabu yangu ya mia. Mwezi wa Mei 2014, miaka minne baada ya ruhusa ile, makumi ya Wakenya walikufa tena kwa methanoli.

Wala lebo peke yake si kinga. Mwaka 2022, katika wilaya za Arua na Madi-Okollo kaskazini mwa Uganda, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa jini iliyouzwa katika chupa zenye lebo. Nataja hayo kwa sababu wako wazee wa shule hii, tena wakubwa serikalini, wanaosema dawa ni kumwondoa mpishi wa kijijini na kuacha viwanda peke yake. Nawajibu kwa heshima kwamba kinachomwokoa mnywaji ni upimaji, wa mara kwa mara, na upimaji huo ndio ulio mbali zaidi na mpishi wa kijijini kuliko kitu kingine cho chote katika sheria.

Kwa maoni yangu ile fikira ya miaka ya 1960 ilistahili kutengenezwa, wala si kuachwa. Wapishi ishirini wa gombolola moja wangefanya chama kama vyama vya kahawa. Kila mmoja apike tonto yake nyumbani, anakojua kazi, na pipa liwe moja tu, la chuma kisichoshika kutu, katika nyumba moja ya saruji iliyo mali ya chama. Leseni moja, daftari moja, mkaguzi mmoja, na chupa elfu mbili badala ya mia. Kahawa yetu hatuikobolei kila mtu nyumbani kwake. Nililisema jambo hili katika mkutano kijijini kwetu, na wanaume walilipenda sana mpaka walipoanza kuuliza nani atashika ufunguo wa nyumba ya pipa. Mpaka leo hawajapatana.

Nimalize habari za Mama. Sikupata leseni. Lakini kabla ya kuondoka Kampala nililipa kwa mshahara wangu ili chupa moja ya waragi yake ipimwe. Baada ya siku kadhaa nikapewa karatasi. Methanoli ilikuwamo kidogo sana, kiasi cha matunda, chini ya kipimo kilichowekwa. Nilirudi Toro kwa basi la usiku nikiwa na furaha kama niliyefaulu mtihani. Nikamsomea karatasi ile kwa sauti, mstari kwa mstari.

Akaniuliza, "Hiyo ni ya chupa ile?"

Nikasema ndiyo.

"Na ya juma lijalo?"

Sikuwa na jibu. Akaikunja karatasi, akaitia katika kitambaa anachofungia fedha. Mwezi uliofuata alikwenda mwenyewe gombolola kwa yule karani, akachukua leseni ya kilabu cha tonto. Faida yake ni ndogo, na mdogo wetu wa mwisho alimaliza shule kwa kuchelewa mwaka mmoja na nusu. Mrija wa shaba Mama alimwuzia fundi, kwa sharti kwamba aukate vipande mbele yake. Pipa aliliacha chini ya paa la jiko. Hukinga maji ya mvua, ya kufulia tu.